Shamba tunalo nyumbani, unakwenda kusomea nini?

Swali: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni binti wa miaka 20, naishi Mbozi, mkoa wa Songwe. Nimemaliza kidato cha sita, tahasusi ya CBG (kemia, baiolojia na jiografia), na nimepata daraja la pili. Nataka kuomba Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA). Baba ana ekari sita za kahawa na mahindi, na anasema: "Shamba tunalo, jembe unalijua tangu darasa la tatu, unakwenda kusomea nini tena?" Anataka nisome uuguzi kwa sababu anaamini ajira yake ni ya uhakika. Mama amekaa kimya. Naomba unieleze ukweli: huko wanafundisha nini ambacho baba hakijui, nichague kozi ipi, na nikimaliza nitakula wapi?

Jibu: Marahaba, binti yangu. Hongera kwa matokeo, na pole kwa kukaa katikati ya baba na mama wakati dirisha la udahili liko karibu kufunguliwa.

Nianze na maneno ya baba yako, maana ndiyo mazito kuliko yote uliyoniandikia. Usiyachukulie kuwa ni ya mtu asiyethamini elimu. Mtu aliyetunza mibuni Mbozi miaka na miaka, anayejua lini apogoe na tawi lipi aliache lizae, akasomesha mtoto hadi kidato cha sita kwa ekari sita, ana ujuzi ambao mimi nilipomaliza shahada yangu sikuwa na nusu yake. Kama unakwenda chuoni Morogoro ukidhani utarudi na mkono mzuri wa jembe kuliko wake, baki nyumbani umsaidie.

Anachokosa ni kitu kingine. Nina hakika hata kwenu ipo kona ya shamba ambayo mahindi hugeuka njano yakifika magotini. Karibu kila shamba linayo. Baba anaijua hiyo kona, atakwambia pale pamechoka, na kila msimu anaongeza mbolea. Mwaka mwingine inaitika, mwaka mwingine haiitiki, naye hana njia ya kujua sababu, kwa kuwa jambo lenyewe liko chini ambako macho hayafiki. Huenda naitrojeni imepungua. Huenda maji yanatuama na mizizi inakosa hewa. Na kwa udongo mwingi wa nyanda za juu kusini, huenda ni uchachu. pH ya udongo, yaani kipimo cha uchachu wake, ikishuka chini ya 5.5, alumini iliyokuwa imetulia ndani ya udongo huanza kuyeyuka na kuunguza ncha za mizizi. Ukiung'oa mmea utaona mizizi mifupi, minene, isiyo na vinyweleo. Wakati huo huo fosforasi hushikwa na udongo, mmea usiipate. Mkulima ananunua DAP, mbolea ya kupandia yenye fosforasi, kwa bei ya kuumiza, anaiweka, mahindi hayashtuki, anasema ameuziwa mbolea feki. Kumbe fosforasi yake iko pale pale alipoiweka, imefungwa. Na DAP na urea zikiwekwa miaka mfululizo bila chokaa, zinazidisha uchachu ule ule.

Baba yako analijua shamba lake. Chuoni utafundishwa kulisoma shamba ambalo hujawahi kulikanyaga.

Nikuonyeshe somo moja tu. Siku ya kwanza ya mafunzo ya udongo nje ya darasa tulikuta shimo limechimbwa tayari, upana wa mlango, kina cha mtu kufika kifuani. Mwalimu wetu akashuka, akachukua kisu cha kawaida cha jikoni, akaanza kuukwangua ukuta wa shimo kuanzia juu. Alikuwa akisikiliza. Sentimita 20 za kwanza kisu kilipita kwa urahisi, udongo mweusi, mizizi tele. Halafu kisu kikagoma ghafla, kikatoa sauti kama kinakwangua sufuria. Lile tabaka gumu lilikuwa nene kama kiganja, na mizizi yote ya mahindi ilifika pale ikapinda na kutambaa pembeni. Chini yake udongo ulikuwa laini na wenye unyevu, lakini hakuna mzizi hata mmoja uliofika. Trekta lilikuwa limelima kina kile kile kwa miaka mingi likashindilia sakafu. Mahindi yalikuwa yakinyauka kila ukame ukikaza, nusu mita juu ya maji. Kisha akachukua bonge, akalilowesha, akalibonyeza kati ya kidole gumba na cha shahada likatoka kama utepe, akapima utepe umefika urefu gani kabla ya kukatika. Kwa utepe huo akatuambia kiasi cha mfinyanzi kilichomo. Akafungua kitabu cha rangi za udongo, akalinganisha, akaandika. Tulitoka mle shimoni watu wengine kabisa. Tangu siku hiyo sijawahi kupita kwenye mtaro uliochimbwa kandokando ya barabara bila kutazama kuta zake.

Utasoma pia kemia, jenetiki, fiziolojia ya mimea, wadudu na magonjwa, uchumi wa kilimo. Haya sitayakalia. Ila takwimu nitalisemea neno, kwa kuwa ndilo somo ambalo wengi hulichukia na ndilo linalotenganisha mtaalamu na mtu wa kusikia. Jirani yenu akipata magunia mengi baada ya kutumia mbegu fulani, kijiji kizima kitaikimbilia. Mwanafunzi aliyeelewa takwimu atauliza kwanza: lile shamba zamani halikuwa zizi la ng'ombe? Alipanda lini? Mvua ilimkuta wapi? Ndiyo maana kwenye majaribio tunagawa vitalu, tunapanga kwa kura kitalu kipi kipate nini, na tunarudia mara tatu au nne, ili ule upande wenye rutuba usimpendelee yeyote. Ni kanuni rahisi, na imezuia uongo mwingi usiwafikie wakulima.

Sasa nikwambie kwa nini jambo hili si la mtu mmoja na ekari zake sita. Nchi hii ilishawahi kulimwa na watu waliokuwa na fedha na mashine lakini hawakuusoma udongo. Baada ya vita kuu ya pili, Waingereza walitaka mafuta ya kula, wakapanga kulima karanga zaidi ya ekari milioni 3, nyingi zikiwa Tanganyika: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Mwaka 1946 timu yao ilizunguka nchi wiki chache, sehemu kubwa ikitazama kutoka angani. Mwaka 1947 matrekta yakaanza kung'oa miti Kongwa. Udongo wa pale una mfinyanzi ambao mvua ikikatika hukauka ukawa kama tofali, na karanga, kama ujuavyo, huzaa chini ya ardhi. Kuzichimbua ikawa kama kuchimba sakafu. Mvua ya Kongwa nayo ni ya kubahatisha, jambo ambalo Mgogo yeyote angewaeleza. Mwaka 1951 mpango ukafutwa, na pauni milioni 36 zikafutwa nao.

Mfano wa pili utauona kila asubuhi ukifungua dirisha la bweni. Chuo kiko chini ya milima ya Uluguru, na milima hiyo ina historia ambayo ningependa kila mwanafunzi wa kilimo aijue. Wakati wa ukoloni serikali iliona udongo ukimomonyoka, ikawalazimisha Waluguru kuchonga matuta ya ngazi kwenye miteremko. Kitaalamu matuta ya ngazi ni jambo linalojulikana, na yapo mahali yanafanya kazi vizuri. Lakini udongo wenye rutuba kule Uluguru sehemu nyingi ni mwembamba. Ukichonga ngazi unaufukia ule mzuri na kuuleta juu ule usiozaa. Watu wakatoa jasho jingi wakavuna kidogo kuliko mwanzo. Wakasema, hawakusikilizwa. Mwaka 1955 hasira ikalipuka Matombo, polisi wakafyatua risasi, mtu akapoteza maisha, na mradi ukafa.

Linganisha na Wamatengo wa Mbinga. Miteremko yao ni mikali vile vile, na wamelima pale vizazi kwa vizazi kwa ngoro: wanafyeka majani, wanayapanga mistari inayokatana kama nyavu, wanachimba katikati na kuyafukia yale majani kwa udongo wanaoutoa. Kilima kizima kinakuwa na vishimo maelfu. Mvua ikinyesha, maji yanaingia kishimoni yanatulia, udongo unaosombwa unabaki hapo hapo, na majani yanaoza yanakuwa mbolea. Maharage na mahindi hupokezana juu ya kingo. Hakuna mtaalamu aliyewaletea. Watafiti wa SUA walikwenda baadaye kujifunza kwao, na hapo ndipo sayansi ya vijijini inapoanza kwa maana yake kamili: kwamba mtu anayelima ni sehemu ya kile unachokisoma.

Hili mimi nilijifunza kwa gharama ya watu wengine, na bado linaniuma. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilipangiwa kata moja wilayani Kilosa. Nilikuwa na ari, nikazishawishi kaya kumi na nne zipande mahindi chotara badala ya ya kienyeji. Nafasi tulipima kwa kamba, mbolea ya kupandia na ya kukuzia tuliweka kwa wakati. Mavuno yakawa karibu mara mbili. Nilipigiwa makofi kwenye mkutano wa kijiji. Mwezi Novemba bibi mmoja akamtuma mjukuu aniite. Nilipofika aliniongoza hadi stoo, akatumbukiza mkono kwenye gunia, akautoa umejaa vumbi jeupe. Dumuzi walikuwa wameshamaliza. Mahindi yao ya kienyeji yalikuwa na punje ngumu, na ganda lilifunika bunzi hadi ncha. Waliyaning'iniza juu ya moto na maganda yake, moshi ukayalinda mpaka mavuno mengine. Yale yangu yalikuwa na punje laini, ncha wazi, na yalikuwa mengi mno kutosha juu ya jiko. Yule bibi hakunikemea. Alisema: "Mwanangu, mavuno nimeyaona. Chakula cha Februari nionyeshe kiko wapi."

Mbegu ilikuwa nzuri. Kosa lilikuwa langu, kwa sababu sikuuliza wanahifadhije, nani anatwanga, wanauza lini. Masomo ya ugani na sosholojia ya vijijini yangenifundisha kuuliza, lakini nilipokuwa chuoni niliyaona ni ya kujaza alama. Usirudie kosa hilo.

Kuhusu kozi, nitakupa njia ya kuchagua ambayo haihitaji kitabu cha mwongozo. Siku utakayopanda basi Vwawa kwenda Morogoro, kaa dirishani usilale. Utaanza na kahawa ya kwenu. Mibuni inashambuliwa na chulebuni na kutu ya majani, na wapo watu ambao kazi yao ya miaka yote ni kutafuta aina zinazostahimili magonjwa hayo ili mkulima apunguze kupiga dawa. Hiyo ni agronomia na uzalishaji wa mbegu. Ukipita Uyole ukashuka kuelekea Igurusi na Chimala utaona bonde la Usangu, mpunga hadi macho yanapoishia. Maji yanayomwagilia mpunga ule ndiyo yanayoutiririsha mto Ruaha Mkuu, ndiyo yanayonywesha hifadhi, ndiyo yanayojaza mabwawa ya Mtera na Kidatu yanayotupa umeme. Mgawanyo wake umekuwa na mvutano kwa miaka mingi. Anayetaka kuhesabu maji hayo na kuyagawa kwa haki asome uhandisi wa umwagiliaji na rasilimali za maji. Mafinga utaona misonobari ya Sao Hill imepangwa kama askari; hiyo ni misitu. Ilula utakuta nyanya zimerundikwa kandokando ya barabara, nyingine zinachuruzika maji kwenye matenga. Nyanya inalimwa kwa miezi na kuoza kwa siku, na hilo ni swali la sayansi ya chakula. Ukimaliza kushuka Kitonga, Ruaha Mbuyuni wanakuuzia vitunguu dirishani: fuatilia bei ya pale na bei ya Dar es Salaam, utakuwa umeingia kwenye uchumi wa kilimo na biashara. Mikumi utaona tembo; hiyo ni wanyamapori.

Kutoka Mikumi, upande wako wa kushoto ni Kilosa. Huko Desemba 2000, kijijini Rudewa Mbuyuni, watu 38 waliuawa katika ugomvi wa wakulima na wafugaji. Naitaja kwa sababu vijana wengi hudhani nyanda za malisho na mipango ya matumizi ya ardhi ni kozi za waliokosa nafasi kwingine. Ni katika masomo yenye uzito mkubwa kuliko yote tuliyonayo, na wanaoyasoma kwa moyo ni wachache.

Ukifika stendi ya Msamvu jiulize: ni wapi njiani ulitamani basi lisimame? Hapo ndipo pa kuchagua. Wewe umetaja kahawa na mahindi, na maswali yako yote yanazunguka shamba la baba, kwa hiyo moyo wangu unaniambia utafaa agronomia au sayansi ya udongo. Lakini usichague kwa moyo wangu. Jambo moja nakusihi: kama unampenda mgonjwa kuliko unavyopenda mmea, mtii baba, uuguzi ni kazi ya heshima. Na usije kwenye kilimo kwa kuwa nafasi ya udaktari ilikupita. Nimefundisha wengi waliokuja hivyo. Walikaa miaka mitatu wakilitazama shamba kama adhabu, na wakulima walilijua hilo siku ya kwanza walipokutana nao.

Shahada nyingi za SUA ni miaka 3, uhandisi ni 4, udaktari wa mifugo ni 5. Chuo kilianzishwa Julai 1984 na kupewa jina la Edward Moringe Sokoine, Waziri Mkuu aliyefariki kwa ajali ya gari Dakawa, Aprili mwaka huo, lakini mizizi yake ni ya zamani zaidi, tangu chuo cha kilimo cha Morogoro cha mwaka 1965. Huenda baadhi ya vipindi ukavisomea Mazimbu, kwenye majengo waliyoachiwa Watanzania na wapigania uhuru wa Afrika Kusini waliokuwa na shule yao pale. Huko Morogoro ndiko pia wanakofunzwa panya buku wa kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu. Ukila maharage aina ya SUA 90, Rojo, Pesa au Mshindi, ujue yalizaliwa chuoni hapo.

Sasa mkate. Sitakudanganya. Lengo la serikali kwa muda mrefu limekuwa afisa ugani katika kila kijiji, na vijiji ni zaidi ya 12,000, kwa hiyo uhitaji upo. Lakini uhitaji na kibali cha kuajiri ni vitu viwili. Ajira za halmashauri hupitia Sekretarieti ya Ajira, zikitangazwa waombaji ni wengi kuliko nafasi, na wapo wanaosubiri miaka. Ukikaa nyumbani na cheti ukingoja tangazo, utamthibitishia baba kila neno alilosema.

Wale ninaowaona wanapata kazi mapema ni wenye ujuzi mmoja unaoshikika. Chukua parachichi, ambazo sasa zimeenea Njombe, Rungwe na hata huko kwenu. Parachichi haliivi likiwa mtini, linakomaa tu, na kwa jicho huwezi kujua kama limekomaa. Ukilichuma mapema halilainiki, linakuwa kama mpira, na mzigo wote unakataliwa huko unakopelekwa. Anayejua kupima anakata vipande, anavipima uzito, anavikausha, anavipima tena, na kwa tofauti hiyo anasema shamba hili lichumwe na lile lisubiri wiki mbili. Kijana mwenye mzani na kikaushio anatafutwa na wanunuzi msimu mzima. Wengine wako kwenye kampuni za mbegu, mashamba ya miwa na chai, vyama vya ushirika vya AMCOS vinavyohitaji mtu wa ubora na hesabu, benki zinazokopesha wakulima na hazina mtu wa kuwaambia kama shamba lililoombewa mkopo litazaa. Wengine wamefungua duka la pembejeo. Hapo angalia sana: kuna tofauti kubwa kati ya muuzaji anayeuliza "unataka dawa gani?" na anayesema "niletee jani nilione." Viwavijeshi vamizi vilipoingia nchini mwaka 2017, watu walimwaga viuatilifu vya kila aina juu ya mahindi wakati funza ameshajificha ndani ya moyo wa mmea, dawa isimguse. Aliyejua tabia ya yule mdudu aliwaambia wapulize mapema, akiwa bado mdogo, na aliokoa fedha nyingi za majirani zake.

Kuna kazi nyingine ambayo haionekani hadi mambo yaharibike. Mwaka 2016, Dodoma na Manyara, watu walianza kuugua ini ghafla, na 20 kati yao wakafa. Ilikuwa sumukuvu, sumu ya ukungu kwenye mahindi yaliyokaa na unyevu. Hawakufa kwa njaa, ghala zilikuwa na chakula. Kukausha mahindi juu ya turubai badala ya ardhini na kupima unyevu kabla ya kuyafunga gunia ni elimu ndogo sana kuifundisha, na mtu wa kuifikisha kijijini kabla ya mavuno ni wewe.

Ukifika chuoni, linda vitu viwili. Cha kwanza ni mafunzo kwa vitendo, wenyewe mtayaita fildi. Wapo wanaojaza daftari la fildi wakiwa sebuleni kwao na kumtafuta mtu wa kugonga mhuri. Omba upelekwe mahali penye kazi nzito, hata kama hakuna posho. Cha pili ni lugha. Utafundishwa kwa Kiingereza, utafanya mtihani kwa Kiingereza, kisha utasimama mbele ya mama wa Kinyiha ambaye maneno hayo hayamsaidii. Tangu wiki ya kwanza uwe na daftari la pembeni: kila unachofundishwa, kiandike kwa Kiswahili ambacho mama yako angekielewa, na ukijua neno la Kinyiha liweke pembeni yake. Ukishindwa kukieleza kwa lugha hizo, jua hujakielewa. Daftari langu la namna hiyo ninalo hadi leo, na limenisaidia kuliko vitabu vingi.

Kuhusu maombi: sifa za kila kozi ziko kwenye mwongozo wa udahili unaotolewa na Tume ya Vyuo Vikuu kila mwaka, usome wa mwaka huu, usitegemee wa kaka yako. Mkopo unaombwa Bodi ya Mikopo, na kinachowachelewesha watoto wa vijijini kila mwaka ni cheti cha kuzaliwa ambacho hakijahakikiwa na RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo. Lianze hilo wiki hii. Saini ya serikali ya kijiji na ya mwanasheria zitakuja baadaye, lakini usingoje siku za mwisho mtandao unapoelemewa.

Na kabla hujaomba, fanya mambo mawili. Nenda Mbimba, hapo hapo Mbozi, kwenye kituo cha utafiti wa kahawa cha TaCRI. Nenda na baba, usiende peke yako. Ombeni kuonyeshwa mibuni chotara inayostahimili chulebuni, na umwache yeye aulize maswali. Atauliza vitu ambavyo wewe usingevifikiria, na atakutana na watu waliosoma wakiwa na matope kwenye viatu.

La pili mlifanye shambani kwenu. Mwombe akuonyeshe ile kona ambayo mahindi hugeuka njano. Chimbeni shimo la kufika kiunoni, yeye na jembe lake, wewe na kisu cha jikoni. Kwangua ukuta kuanzia juu kwenda chini na usikilize. Kisha chimbeni jingine mahali mahindi yanapostawi, mlinganishe. Ukiniandikia tena, niambie rangi ya udongo ilibadilika kwenye kina gani katika kila shimo, kisu kiligoma wapi, na mizizi ilikomea wapi. Na uniandikie baba alisema nini alipoyaona.